Mashine inajaza visanduku, kufumbua fumbo ni kitu kingine

Siku hizi kuna stori inazunguka sana kwa watu wanaopenda mafumbo ya maneno ya magazetini, hasa yale ya kificho yaliyokomaa kwenye magazeti ya Uingereza, kwamba akili mnemba imeshayaweza. Unaiandikia kidokezo, unaitajia herufi ni ngapi, na kabla hujakaa vizuri jibu limeshafika, kwa hiyo mchezo umeisha na wale waliotumia miaka ishirini kujifunza ujanja wake walikuwa wanapoteza muda. Nimeisoma hoja hii mara nyingi mpaka nimeona niiandikie, manake naona imekamatwa upande usio wake. Mashine inapata jibu, sawa, ila kwenye fumbo la kificho jibu ndo sehemu ndogo kuliko zote. Kinachofumbuliwa ni sentensi. Na hatari ninayoiona mimi haitoki kwenye mashine kujua majibu, inatoka kwa watunzi na wahariri wakianza kutunga kwa lengo la kuishinda mashine, na kwa wachezaji wapya wakiamini kwamba kazi yenyewe tangu mwanzo ilikuwa ni kupata neno.

Nianze na jinsi kitu chenyewe kinavyofanya kazi, kwa sababu wengi wanaolizungumzia hili wamezoea fumbo la kawaida tu. Fumbo la kawaida linakupa maana na wewe unatoa neno, linakwambia mnyama mwenye manyoya shingoni unaandika SIMBA, kama hujui basi hujui, hakuna mlango mwingine. Kidokezo cha kificho kinakupa jibu mara mbili ndani ya sentensi moja. Mara ya kwanza ni maana ya kawaida, ambayo hukaa mwanzoni kabisa au mwishoni kabisa mwa sentensi na mara chache sana katikati. Mara ya pili ni maelekezo ya kulijenga neno lenyewe herufi kwa herufi. Halafu mtunzi anazishona hizo sehemu mbili kwa namna ambayo ukisoma haraka unadhani sentensi inaongelea jambo la tatu kabisa. Chukua hii niliyoitunga mwenyewe: Mnyama mkali avuruga msiba (5). Ukisoma kama habari unaona watu wanakimbia mazikoni. Ukisoma kama fumbo, "mnyama mkali" ndo maana, "avuruga" inakwambia kuna herufi za kuchanganya, na za kuchanganya ni za neno "msiba". Zipange upya unapata SIMBA, herufi tano, na hapo unajua umepata, huhitaji kusubiri gazeti la kesho likuthibitishie. Hiyo raha ya kujua kwa uhakika bila kuambiwa na mtu ndo inayowarudisha watu kila asubuhi.

Aina nyingine nazo zina ujanja wake. Dada, Rajabu anaficha cha kuvukia mto (6): ukiwaza kuhusu Rajabu na tabia zake umepotea, soma herufi tu, toa mkato na nafasi, da-DA RAJA-bu, daraja hilo hapo limejificha kwenye mpaka wa maneno mawili. Lakini Ali amegeuka (3): Ali ukimgeuza anasomeka ILA, na ila ni lakini. Mabara mawili, njia moja (8): bara na bara, BARABARA. Ninayoipenda zaidi ni hii, Swala juu ya nyumba (3), kwa sababu haina hata neno moja la maelekezo, ni maana mbili zimewekwa bega kwa bega. Paa ni mnyama wa jamii ya swala, na paa ni kile kilicho juu ya nyumba, lakini wewe msomaji akili imeshakimbilia kwenye ibada, unamwona mtu amepanda kusali, na hakuna aliyekudanganya, umejidanganya mwenyewe kwa kusoma kama unavyosoma siku zote.

Historia yake inasaidia kuona kinachobishaniwa. Fumbo la maneno la kwanza la namna tunayoijua lilitoka kwenye gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, aliyelitunga ni Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, na lilikuwa la maana tupu. Ukificho ulikuja baadaye Uingereza. Kuanzia 1926 kwenye gazeti la The Observer, Edward Powys Mathers, aliyejiita Torquemada, alikuwa anatunga mafumbo magumu kweli kweli, mazuri mengi yake, ila mtu ulikuwa huna uhakika kama kidokezo kimekupa kila unachohitaji au kimekuacha ubahatishe. The Times wakaanza la kwao tarehe 1 Februari 1930. Torquemada alipofariki 1939 nafasi yake ikachukuliwa na Derrick Macnutt, mwalimu wa Kigiriki na Kilatini aliyejiita Ximenes, na huyu ndo aliyesisitiza haki: kila kidokezo kiwe na maana sahihi, kiwe na maelekezo sahihi, na kisiwe na neno hata moja la ziada lisilo na kazi. Aliyaandika hayo kwenye kitabu mwaka 1966. Kabla yake, mwaka 1949, mtunzi mwingine aliyejiita Afrit alishalisema kwa kifupi, kwamba mtunzi halazimiki kumaanisha anachosema ila lazima aseme anachomaanisha. Yaani akupoteze anavyotaka, lakini ukirudi kusoma neno kwa neno ukute kila kitu alikwambia.

Nakaa kidogo hapa kwenye haki kwa sababu ndo moyo wa hoja yangu. Rudi kwenye kidokezo changu cha simba. Mfuasi mkali wa Ximenes angekikataa, na angekuwa na sababu: nimesema mnyama ndiye anayevuruga msiba, wakati kwenye ufumbuzi herufi za msiba ndo zinazovurugwa mpaka anatokea mnyama, kwa hiyo sarufi ya habari na sarufi ya maelekezo hazijakaa sawa. Angenitaka niandike Msiba wavurugwa na mnyama mkali (5), ambapo "msiba wavurugwa" ni maelekezo kamili, "mnyama mkali" ni maana kamili, na ile "na" katikati kwenye habari inasomeka kama mtenda, kwenye fumbo ni ya kuunganisha tu. Neno moja limebeba kazi mbili na zote mbili ni za kweli. Watu wamebishana miaka na miaka kuhusu vitu vidogo kama hivyo, na mtu wa nje anaona ni kujichosha bure, ila wanachobishania ni swali zito tu: ni kiasi gani cha kupotoshwa kinaruhusiwa kabla hakijawa uongo. Kuna msemo wetu kwamba fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua, na kwenye maisha ya kawaida ni kweli, mtu anafumba ili fulani asielewe. Hapa ni kinyume chake. Mtunzi wa kidokezo anataka ung'amue, anapanga njia ya wewe kung'amua, na siku ambayo hakuna aliyefumbua hata mmoja yeye ndo ameshindwa.

Sasa tuje kwenye mashine. Mwaka 2021 watafiti walikusanya vidokezo zaidi ya laki tano vya magazeti ya Uingereza, wakaifundisha programu kubwa ya lugha kwa vidokezo hivyo, halafu wakaipima kwa vidokezo ambavyo haikuwahi kuviona. Ilipatia asilimia 7.6 tu, chini kidogo hata ya programu ya kizamani iliyoandikiwa kanuni kwa mkono, ambayo ilipata 8.6. Sababu mojawapo inaeleweka kirahisi: programu hizi hazioni herufi kama sisi tunavyoona, zinasoma maandishi yakiwa yamekatwa vipande, na neno zima linaweza kuwa kipande kimoja, kwa hiyo ukiiambia ichanganye herufi za "msiba" ni kama umemwambia mtu apange upya matofali ya ukuta ambao yeye anauona umepigwa plasta. Tangu wakati huo zimepanda sana, hasa hizi mpya zinazoachiwa nafasi ya kufikiri hatua kwa hatua na kujikagua, na asiyekubali hilo hajazijaribu. Sitaki hoja yangu isimame juu ya udhaifu wa mashine maana udhaifu huo kesho unaweza usiwepo. Nitasema jambo moja tu kutokana na niliyoyaona: niliwahi kuiuliza programu moja kidokezo kilichonishinda, ikanipa jibu sahihi kabisa pamoja na maelezo yanayosomeka vizuri kabisa, tatizo ni kwamba herufi mbili zilizotajwa kwenye maelezo hazikuwemo kwenye kidokezo. Ilikisia neno kutokana na maana, kisha ikatafuta njia ya kulihalalisha. Na nakiri hilo ndo kosa ambalo binadamu wanaoanza hulifanya kila siku.

Kwa wanaosema mchezo umekufa, hoja iliyo dhaifu kuliko zote ni hii ya kwamba jibu ni jibu, limepatikana vipi haijalishi. Inaonekana ina akili mpaka ukae na gridi, yaani vile visanduku vya fumbo, mbele yako. Kwenye kile kidokezo cha swala, mtu akiwa na P mwanzoni na A mwishoni kutoka kwenye maneno yanayopita pale, akaona "nyumba", ataandika PAA na kuendelea zake bila hata kujiuliza swala alikuwa anafanya nini. Visanduku vimejaa sawasawa. Lakini kidokezo hakijafunguka kwake, hajakutana na kile mtunzi alichokiweka pale, na kidokezo kingine cha aina hiyo hiyo kikija wiki ijayo kitamshinda vile vile. Neno linakaa kwenye gridi, ila ujuzi unabaki kwenye ile njia ya kufika pale, na kitu kinachofanana na ujuzi huu ni kuthibitisha hesabu, ambapo hakuna mwalimu anayetoa alama zote kwa namba ya mwisho peke yake. Na kama kupatikana kwa majibu ndo kifo cha mchezo basi ungekufa zamani sana, manake gazeti lenyewe limekuwa likichapisha ufumbuzi siku inayofuata tangu enzi hizo, kamusi zipo, na programu za kupanga upya herufi zipo miaka mingi kabla ya akili mnemba. Mtu aliyetaka jibu tu hakuwahi kukosa pa kulipata.

Wapo wanaoleta mfano wa chesi, kwamba kompyuta ya Deep Blue ilimshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov mwaka 1997 na bado watu wanacheza chesi kwa mamilioni. Ni mfano mzuri lakini hautoshi, na sipendi ukitumiwa kana kwamba unamaliza mjadala. Chesi ina mpinzani aliyekaa mbele yako, fumbo la gazeti unalifanya peke yako na hakuna anayekuangalia. Kwa hiyo lazima tukubali kitu kimoja kimeharibika kweli: mashindano ya kutuma gridi iliyojazwa ili kushindania zawadi, na zile orodha za nani kamaliza kwa dakika ngapi. Pale ambapo uaminifu ndo ulikuwa mlinzi peke yake, sasa mlinzi huyo ana kazi kubwa zaidi. Yatabaki mashindano ya watu kukaa ukumbini pamoja na penseli zao, na yatabaki yale ya kutunga, ambapo wasomaji wanapewa neno moja na kila mtu anatuma kidokezo chake, anayeshinda ni aliyetunga vizuri. Haya ya pili hata sidhani yamepungukiwa na kitu, kwa sababu mwamuzi anatazama ile haki niliyoieleza hapo juu.

Hoja nzito kutoka upande wa pili ni nyingine kabisa, nayo ni kwamba mafumbo haya yalikuwa klabu. Na ni kweli kwa kiasi kikubwa. Miaka ya mwanzo The Times walikuwa wanaweka nukuu za mashairi yenye pengo, kama hukuyakariri shuleni basi umekwama, na mpaka leo kuna vifupisho vya kriketi, vya jeshi, vya Kanisa la Uingereza, ambavyo aliyekulia ndani anavijua bila kufundishwa na wa nje anavikariri kama msamiati wa lugha ya tatu. Wanaosema acha mashine ibomoe mlango huo wana hoja. Ila angalia kinachofanyika ndani ya kidokezo chenyewe. Fumbo la kawaida linamtesa asiyejua zaidi ya la kificho, kwa kuwa la kawaida lina njia moja tu, ya kujua. La kificho linakupa njia ya pili, ya kujenga. Nimewahi kujaza neno nisilowahi kulisikia maishani, nimelijenga kwa kufuata maelekezo, nikafungua kamusi nikalikuta limekaa pale na maana ile ile iliyotajwa kwenye kidokezo. Kwa hiyo ubaguzi uko kwenye malighafi ambayo watunzi waliizoea, na malighafi inabadilika mtunzi akiamua. Utaratibu wenyewe wa maana na maelekezo hauna klabu.

Pia kuna hadithi ya vita inayotajwa kila mara, kwamba Januari 1942 gazeti la Daily Telegraph liliandaa shindano la kufumbua fumbo ndani ya dakika 12, na baadaye baadhi ya walioshiriki wakafuatwa na serikali kwenda kufanya kazi Bletchley Park, kule walikokuwa wanavunja siri za Wajerumani. Watu wanaitumia kusema kwamba fumbo ni kipimo cha akili, hivyo mashine ikifumbua imekuwa na akili kama ya wale. Mimi naisoma tofauti. Kinachofundishwa na kidokezo cha kificho ni tabia moja, kusoma maandishi huku ukishuku kwamba maana inayojitokeza kwanza siyo yenyewe, na kuvumilia kukaa na shaka hiyo mpaka ushahidi ukamilike. Ni tabia yenye thamani kubwa kwa mvunja siri, kwa mwanasheria, kwa mhariri, kwa mtu yeyote anayesomewa mkataba. Tabia haihamii kwako kwa sababu kifaa kilicho mfukoni mwako kinayo. Hao wengine wanaouza mafumbo kama dawa ya kuzuia usahaulifu wa uzeeni nawaomba wapunguze, kwa sababu mwenye akili inayofanya kazi vizuri ndo huyo huyo anayependa mafumbo, na kujua kipi kilitangulia siyo rahisi hivyo.

Tukikubali haya, matokeo yake kwa wahariri ni ya moja kwa moja. Kishawishi kitakuwa kikubwa cha kuweka maana zilizofichika zaidi, vifupisho adimu zaidi, maelekezo yaliyopinda zaidi, ili programu ishindwe na gazeti lijisifu kwamba letu bado halifumbuliki. Hiyo ni kuturudisha nyuma ya 1939, kabla ya Ximenes. Ukimwondolea msomaji haki ili uinyime mashine jibu, mashine itapata data zaidi mwakani na kuweza, msomaji ndiye atakayekuwa ameshaondoka. Fumbo la Jumatatu libaki jepesi na safi hata kama programu inalimaliza kwa sekunde nne. Kwa anayeanza kujifunza, hizi programu zinaweza kumsaidia vizuri sana akizitumia kinyume na wengi wanavyozitumia: lipate neno kwanza wewe, au likishindikana chukua jibu lililochapishwa, kisha kaa nalo urudi nyuma ukitafuta kwa nini, na maelezo ya mashine yakague herufi kwa herufi kama unavyokagua chenji. Nusu saa ya namna hiyo inakufundisha zaidi ya gridi kumi zilizojazwa na kitu kingine.

Na kwa sisi tunaoandika Kiswahili kuna jambo la kufurahisha hapa ambalo nimeliona wakati natunga vile vidokezo. Ujanja wa Kiingereza unategemea sana neno moja kuwa jina na kitenzi bila kubadilika sura, na sisi hatuna hiyo, viambishi vyetu vinafichua kila kitu, ukiandika "avuruga" msomaji anajua mtendaji ni kiumbe, ukiandika "kimevurugika" anajua unaongelea kitu. Kwa hiyo kudanganya kwa sarufi ni kugumu. Lakini tuna utajiri wa maneno yenye sura moja na maana zisizo na undugu, kaa la moto na kaa wa baharini na kaa kitako, ua la kunusa na ua la nyumba na ua ya kutoa roho, panda mti na panda mbegu, na silabi zetu karibu zote zinaishia na vokali kiasi kwamba neno linajificha kwenye mpaka wa maneno mawili bila kuacha mshono. Mtunzi wa Kiswahili itabidi aegemee huko, kwenye maana mbili na kwenye mipaka ya maneno, na alama zake za mkato zitafanya kazi kubwa kuliko za mwenzake wa Kiingereza.

Nimesema mwanzoni kwamba kinachofumbuliwa ni sentensi, na nilikuwa na mtu mmoja kichwani. John Graham, kasisi, alitunga mafumbo ya gazeti la The Guardian tangu 1958, baadaye kwa jina la Araucaria, na wapo waliokuwa wananunua gazeti kwa ajili yake. Januari 2013, akiwa na miaka 91, juu ya fumbo lake mojawapo paliwekwa sentensi fupi kuhusu Araucaria mwenyewe, na sehemu muhimu za sentensi hiyo hazikuwa maneno, zilikuwa namba za vidokezo. Ili uisome ilibidi kwanza ufumbue. Waliofumbua walikuta anawaambia kwamba ana kansa ya umio, yaani koo la chakula, na anapata tiba shufaa, ile ya kupunguza mateso tu. Alifariki Novemba mwaka huo huo. Programu ya leo ingeyatoa maneno yale yote kwa muda mfupi sana, na yangekuwa sahihi. Wasomaji wake waliyafikia moja moja, wengine asubuhi, wengine usiku, kila mtu akifuata maelekezo ambayo mzee yule aliyapanga kwa mkono wake akijua wanamwelewa, kwa sababu alikuwa anaongea nao hivyo kwa miaka hamsini na zaidi.